Mikono ya Mzee Makofi

Mume wangu ni fundi viatu, lakini mtaani hakuna anayemwita fundi. Wanamwita Mzee Makofi. Na mimi, bila kuulizwa, nikawa Mama Makofi, jina ambalo limenipa taabu kweli kweli, maana mgeni akilisikia hunitazama kwa huruma na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshakwenda kushtaki. Hapana jamani. Mume wangu hajawahi kuninyooshea hata kidole. Makofi yake yote ni mali ya chama.

Niwaeleze, maana wengine mnadhani makofi ya mikutanoni huota yenyewe. Hayaoti. Lazima awepo mtu wa kuyaanzisha, na Chama cha Ngazi kilimwona mume wangu tangu ujana wake. Viganja vyake, kwa miaka ya kuvuta uzi wenye nta na kugonga misumari, vimekuwa vigumu kama soli; akivikutanisha, mlio unafika sokoni. Wakampa kiti cha mbele upande wa kushoto, na kazi moja tu. Mgombea akifika penye ahadi anatoa leso na kupangusa uso. Leso ikitoka, Makofi anapiga, na umati mzima unampokea. Nusu yao hawajui wanapigia nini. Wanamfuata yeye.

Na alijivunia, msifikiri alilazimishwa. Wikiendi ya mkutano alikuwa akipaka mikono mafuta kama bibi harusi.

Ahadi yenyewe ilikuwa daraja. Kati ya mtaa wetu na hospitali kuna mto, si mto mkubwa, wa kuvuka kwa kurukaruka juu ya mawe wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha ndipo unapokumbuka kwamba ni mto. Mimi ni dobi wa hospitali hiyo, nafua mashuka, kwa hiyo nauvuka asubuhi na jioni. Daraja limeahidiwa chaguzi nne, na kila baada ya ahadi hufuata jiwe la msingi. Mawe ya msingi yamesimama pale ukingoni manne, kila moja na jina la mkubwa aliyekuja na mkasi na utepe. Siku moja nilimwambia mume wangu kwamba tukiyatumbukiza yote manne majini tutavuka bila kulowa. Alininunia siku mbili.

"Wewe mwanamke huna subira," alisema alipoacha kununa. "Chama kina mipango."

"Mipango ipo, baba watoto. Mimi nataka kitu cha kukanyaga."

Lakini nami nisijifanye mjanja. Kila asubuhi ya uchaguzi, tukiwa tunakunywa chai, aliniambia, "Mama, ni ngazi. Weka alama, urudi zako." Nikaweka alama, nikarudi zangu. Miaka thelathini na moja ya ndoa niliipigia ngazi kama ninavyotia saini kupokea sabuni kazini: sisomi, naweka tu.

Wiki tano kabla ya uchaguzi huu, mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa yamepanda, ila mawe bado yalionekana vichwa, na msimamizi wetu kule kwenye udobi hana masihara na wachelewaji. Nikavua viatu, nikaruka la kwanza, la pili. La tatu likanitupa. Niliuangukia mkono wa kulia na nikausikia ukivunjika, mlio mkavu.

Wanawake waliokuwa nyuma yangu walinivuta. Mume wangu akaja mbio bila kofia, akanipakia kwenye mkokoteni wa muuza mkaa. Hospitali ilikuwa pale ng'ambo, madirisha yake nayaona, hata mashuka niliyoyaanika jana yake nayaona. Tukaizunguka kwa barabara kuu saa nzima. Kila shimo tulilopita nililia. Yeye alikuwa anasukuma kimya, na nilipogeuka nikaona naye analia. Sikuwahi kumwona akilia tangu alipofiwa na mama yake.

Nikafungwa plasta, nikapewa likizo ya ugonjwa, na nyumbani mambo yakageuka. Akapika yeye. Akafua yeye, na alipofika kwenye sare zangu akasimama akiwa ameinamia karai, akashika kiuno na kusema, "Kumbe hii ni kazi." Nikamwambia karibu.

Halafu akaanza kukaa kibarazani na kiatu cha mtu mkononi, nyundo kaiweka chini, anatazama tu.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Nafikiri."

"Unafikiri nini?"

"Kura."

Mwenyekiti wa tawi alipoona kiti cha kikao kiko wazi mara mbili mfululizo, akaja mwenyewe. "Pole na mkono, shemeji. Mbona mzee haonekani?"

"Anafikiri," nikamwambia.

Akashtuka kama nimemwambia ana homa ya kuambukiza. "Tangu lini?"

Habari za mtu kufikiri husambaa upesi. Kesho yake wakaja watu wa Chama cha Ndoo, ambao tangu kianzishwe hawajawahi kupita kwenye kibaraza chetu, kila mmoja na kiatu cha kutengeneza. Viatu vizima kabisa, mume wangu alivigeuza-geuza akitafuta ubovu. Mkubwa wao akasema wamesikia ameamka, na kwamba Ndoo inawahitaji watu kama yeye.

"Mnanihitaji kwa lipi?"

"Mikono, mzee. Tuna hotuba nzuri sana, lakini watu wetu hawajui wapige wapi."

"Na daraja je?"

"Lipo! Lipo kwenye hotuba, ukurasa wa pili. Hapo ndipo tungependa upige kwa nguvu."

Akawarudishia viatu vyao. Siku ile hakula vizuri. Nilimhurumia, nisiseme uongo. Mtu amekaa na chama tangu ana nywele nyeusi, anachungulia nje akitafuta pa kwenda, anakuta kiti kilekile cha mbele upande wa kushoto kinamngoja.

Mkutano wa mwisho wa Ngazi ulipangwa palepale mtoni, pamoja na kuweka jiwe la tano. Mwenyekiti akaja kumwomba afike, na kwamba mimi nami nikae mbele na plasta yangu, mgombea atanitaja. Nilitaka kumfukuza. Mume wangu akanizuia, akaitikia ndiyo, na Mwenyekiti alipoondoka akaniambia mpango wake.

"Nitakwenda, nitakaa kwenye kiti changu. Atasema daraja, atatoa leso, na mimi sitapiga. Mikono nitaiweka mapajani. Watu wote watanitazama na hawatapiga. Ajue siku moja kukaa kimya kunavyokuwa. Ni kwa ajili ya mkono wako, mama."

Jamani, nilifurahi. Maishani mwangu nimeletewa zawadi chache, na hii niliiona kubwa kuliko zote. Nilivaa nguo yangu ya kutokea.

Uwanja ulijaa. Mimi nilikuwa mbele upande wa wanawake, yeye kwenye kiti chake, mikono mapajani kama alivyoahidi. Akanitazama, nikamwitikia kwa kichwa. Mgombea akapanda, akasalimu, akashukuru, akataja maendeleo. Kisha akashusha sauti.

"Ndugu zangu, hapa hapa, kwenye mto huu, mama yetu mmoja, mfanyakazi hodari wa hospitali, aliteleza akavunjika mkono."

Sauti ikamtetemeka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso, akaanza kujifuta machozi.

Na mume wangu akapiga makofi.

Akapiga yale ya soko zima. Umati ukampokea. Watu elfu wakashangilia mkono wangu uliovunjika, vigelegele, filimbi, mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Safi sana! Endelea!" Mgombea alisimama na leso usoni, amechanganyikiwa, lakini mwanasiasa ni mwanasiasa; akainama na kusema, "Asanteni. Asanteni sana." Ndipo nikamwona mume wangu akiitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, nayo bado inapiga.

Niliondoka. Alinifuata nyuma mpaka nyumbani, hatua kumi nyuma yangu, anasema, "Mama, imekwenda yenyewe. Wallahi imekwenda yenyewe. Niliona leso." Nilimchukia, na nasema hivyo kwa sababu ndiyo kweli. Ningemsamehe kama angepiga kwa kukipenda chama. Lakini kupiga bila hata kukusudia! Basi mle ndani ya huyo mtu mimi nakaa wapi? Hatukusemezana siku sita. Alipika, nikala, akaosha vyombo. Jioni moja Mwenyekiti akapita kumpongeza kwamba mkutano ulifana. Makofi akamfungia mlango, na ule mlango haujawahi kufungwa kwa mtu wa Ngazi tangu tuuweke.

Siku ya kura tulikwenda pamoja lakini kila mtu na kimya chake. Chai tuliinywa bila yeye kusema ni ngazi. Foleni ilikuwa ndefu, darasa la shule, dawati la makarani, na pembeni kibanda cha maboksi cha kupigia kura. Msimamizi wa kituo akaiona plasta yangu.

"Mama, utaweza kuandika?"

Nikajaribu kalamu kwa mkono wa kushoto kwenye karatasi chakavu. Nilichora kama mdudu aliyekanyagwa.

"Alama ikitoka nje ya kisanduku kura inaharibika," akasema. "Unaruhusiwa kuchagua mtu wa kukusaidia. Unamwamini nani?"

Foleni nzima ikageuka kunitazama. Mwenyekiti alikuwa mle, akanitabasamia na kujisogeza mbele. Mwanamke mmoja wa Ndoo naye akakohoa. Mume wangu alikuwa ananitangulia, karatasi yake tayari mkononi. Hakunitazama. Alikuwa anatazama chini, anangoja nimtaje mwingine, na nilikuwa na sababu.

"Huyu," nikasema. "Ngoja apige yake kwanza."

Akaingia kibandani. Akakaa humo mpaka karani akauliza, "Mzee, umelala?" Alipotoka alikuwa ametota jasho. Akatumbukiza karatasi yake kwenye sanduku, akaipokea yangu, tukaingia wawili, tumebanana kama kwenye kabati.

"Mama," akaninong'oneza, "yangu nimeiharibu."

"Umeiharibuje?"

"Nilikuwa nimeshaamua kuiacha ngazi. Mkono ukaweka kwenye ngazi. Nikaona, nikaweka na kwingine ili kurekebisha. Zikawa mbili. Yako ndiyo iliyobaki nyumbani kwetu. Nisiiharibu na hii. Nimeishika kalamu kwa nguvu, haitakwenda popote mpaka useme. Niweke wapi?"

Alikuwa ameiegemeza ile karatasi ukutani, na kalamu ameikaba kwa vidole vyote. Miaka thelathini na moja, na mtu huyu alikuwa hajawahi kuniuliza hilo swali. Nikainama karibu na karatasi. Ngazi ilikuwa pale juu nilikoizoea, na ndoo chini yake. Halafu nikaona kuna majina mengine, matano zaidi, yenye picha za watu ambao sikujua kama wapo, na kumbe walikuwapo.

"Mnasemaje huko?" karani akaita.

"Subiri," nikamjibu, na nikamwambia mume wangu naye asubiri. "Nasoma."

Akasubiri.