Njia tatu za kumtoa Rubani jiwe

Saa moja asubuhi, jua likiwa bado halijaanza kuchoma mabati ya uzio, Rubani amesimama chini ya kreni huku shingo ameipinda kuelekea juu. Redio ya mkononi anaihamisha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha anairudisha kulia. Anapiga hatua mbili, anageuka, anazirudia zilezile.

"Shusha. Shusha. Taratibu... Taratibu, kaka! Hizo ni nondo, si mkeka."

Kutoka kwenye kibanda cha vioo kilichokaa ubavuni mwa mnara wa kreni, sauti ya mwanamume inajibu kwa mikwaruzo. "Dada, nimekusikia tangu mara ya kwanza."

"Basi mbona zinayumba?"

Wafunga mizigo wanaangua kicheko. Mmoja wao anampigia kelele: "Rubani, mwache mwenzio afanye kazi! Wewe si uko likizo ya kokoto?"

Naye anacheka, kidogo tu, kisha mkono wake unakwenda wenyewe ubavuni upande wa kulia.

Jina la Rubani alipewa na mafundi wa ujenzi miaka tisa iliyopita, alipokuwa mwanamke wa kwanza wa kampuni yao kupanda ngazi ya mnara na kushika vishikio vya kreni. Tangu hapo jina lake la kuzaliwa limebaki kwa mama yake na kwenye kadi ya kliniki. Lakini kwa wiki tatu sasa Rubani hapandi. Yuko chini, anaelekeza mizigo kwa redio kwa nusu ya ujira wake wa kawaida, na kiti chake kimekaliwa na mwendeshaji aliyeazimwa kutoka mradi mwingine. Mwendeshaji huyo wamembandika jina la Mgeni.

Sababu ni jiwe. Limekaa kwenye figo lake la kulia, sehemu ya chini, na linazidi kidogo sentimita mbili. Kwa maneno yake mwenyewe, ni "kama kokwa ya tende, ila lina roho mbaya."

Siku lilipojitambulisha, alikuwa amening'iniza ndoo ya zege juu ya ghorofa ya sita. Chini ya ile ndoo kulikuwa na watu.

"Ilikuwa kama mtu ameniingiza koleo ubavuni, akabana, akapinda," anasimulia. "Macho yalijaa maji. Nikajiambia, wewe, kufa utakufa, lakini kwanza tua hiyo ndoo. Nikaitua. Baada ya hapo nililala sakafuni mwa kibanda nikalia, na redio ilikuwa wazi. Wote walinisikia."

Ilibidi wanaume wawili wapande kumshusha, mmoja juu yake, mmoja chini yake, kipandio kwa kipandio.

Ngazi hiyo ndiyo chanzo cha mengi. Kushuka kunachukua karibu robo saa, kupanda ni zaidi, na juu hakuna choo. Wanaume hupanda na chupa tupu. Rubani alichagua njia nyingine: kutokunywa chochote tangu anapoamka mpaka anapokanyaga ardhi jioni. Waendeshaji wana jina la tabia hiyo, kupanda mkavu, na kwao ni sifa.

"Ukishuka katikati ya zamu, zege linakauka, watu wanakaa bure, na wa kulaumiwa ni wewe," anasema. "Ukiwa mwanamke, wanasema, si tuliwaambia? Kwa hiyo mimi nilikuwa mkavu kuliko wote. Nilikuwa najivunia, fikiria."

Daktari wa mfumo wa mkojo anayemhudumia hasemi kwa uhakika kwamba ukavu peke yake ndio ulioleta jiwe. Lakini kukaa ndani ya vioo vyenye joto siku nzima bila maji, anasema, ni kulitandikia jiwe kitanda.

Alipokwenda kliniki kusikiliza namna ya kulitoa, Rubani aliongozana na mumewe, fundi cherehani mwenye tabia ya kugusa kitambaa cha kila mtu anayeongea naye. Alikuwa ameshagusa ukosi wa koti la daktari kabla hajakaribishwa kiti.

Daktari aliwachorea figo kwenye karatasi, na chini yake mrija unaoteremka hadi kwenye kibofu. Akasema siku hizi si lazima kumpasua mtu ubavu mzima. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni mawimbi. Unalala, mashine inapiga mawimbi ya mshtuko kutoka nje ya mwili, jiwe linavunjika vipande, navyo unavikojoa. Hakuna kukatwa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

"Hiyo hiyo," Rubani akadakia. "Ijumaa nipigwe, Jumatatu niko juu."

"Mama, ngoja nimalize."

"Malizia nikiwa nasaini."

Mumewe akamkanyaga mguu kidogo. Daktari akaendelea. Ya pili ni kamera nyembamba inayopitishwa njia ya mkojo hadi ndani ya figo, kisha leza inalisaga jiwe. Hapo pia hakuna kutoboa. Ila kwa jiwe kubwa huenda ikabidi kurudia, na mara nyingi huachwa mpira mwembamba ndani ya ule mrija kwa muda. Mpira huo humfanya mtu asikie haja ndogo kila mara.

Ya tatu ni tundu moja mgongoni, dogo, upana wa kidole hivi. Chombo kinapita hapo moja kwa moja hadi kwenye figo, jiwe linavunjwa na kutolewa. Kwa jiwe la ukubwa huo, ndiyo yenye nafasi kubwa ya kulimaliza kwa mara moja. Lakini ni nzito kuliko nyingine: nusukaputi, kulazwa siku kadhaa, uwezekano wa kutoka damu, na wiki kadhaa bila kazi ya nguvu.

"Na ngazi ya mnara?" Rubani akauliza.

"Ngazi ndiyo ya mwisho kabisa. Kwa kazi yako, weka wiki sita."

Mume akakuna kidevu. "Daktari, tundu la upana huu kwenye nguo mimi nalifuma, mteja hajui."

"Basi baba, ukikosa wateja njoo tukuajiri."

Wakacheka wote isipokuwa mgonjwa. Yeye alikuwa amesimama dirishani, anahesabu wiki kichwani. Alitaka mawimbi, na daktari hakumkatalia. Alimweleza tu kwamba jiwe lake ni kubwa, linaonekana gumu kwenye picha, na liko mahali ambapo vipande havishuki kwa urahisi. Huenda apigwe zaidi ya mara moja. Vipande vinaweza kuziba mrija, na maumivu yakarudi.

"Yarudi lini?" Rubani akauliza.

"Hapo siwezi kukuahidi. Leo, wiki ijayo. Hayapigi hodi."

Waliondoka bila kuamua.

Nyumbani ikawa shida. Rubani aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Akahamisha kabati, mumewe akamkuta ameliegemea anahema. Akalirudisha. Akazunguka cherehani mpaka vipande vya kitambaa vikaanza kupeperuka.

"Mama watoto, kaa basi. Unanivurugia mikono ya shati la watu."

"Nikikaa, linauma."

"Na ukitembea?"

"Linauma vilevile. Lakini angalau naliuma na mimi."

Mume akasimamisha cherehani. Akamwambia achague lolote, atamuuguza, ila asichague kwa kumwangalia msimamizi wa mradi. Rubani akamjibu kwa ukali kwamba yeye cherehani yake hakuna anayeikalia akiugua. Kisha mume akamuuliza swali ambalo wote wawili walilikwepa tangu kliniki: "Sasa vile vipande vikishuka ukiwa juu, na ndoo imening'inia?"

"Hapo ndipo aliponinasa," anasema Rubani. "Mimi nilikuwa nahesabu siku za kurudi. Sikuwa nimewahesabu walio chini. Ile siku ya kwanza niliiwahi ndoo. Nani kaniambia nitaiwahi ya pili?"

Kutoka hapo akazipima njia zote kwa kibanda chake. Mawimbi yangemrudisha upesi, lakini na maumivu yasiyo na ratiba. Kamera ingemwachia mpira wa kumkimbiza chooni, mahali pasipo na choo, na huenda ikarudiwa. Tundu lingemweka nje muda mrefu zaidi, lakini lingempa nafasi nzuri ya kupanda akiwa hana jiwe. Mwingine mwenye kazi ya mezani, anasema, angeweza kuchagua tofauti na asikosee.

Kesho yake alimpigia daktari simu, akachagua tundu. Kilichobaki kikawa kumwambia msimamizi wa mradi.

"Wiki sita?" Msimamizi alivua kofia ngumu akajipangusa. "Rubani, jengo halikai kukusubiri. Si kuna ile ya mawimbi? Binamu yangu alipigwa, siku ya tatu anacheza mpira."

"Jiwe la binamu yako lilikuwa kubwa kiasi gani?"

"Sasa nitajuaje mimi?"

"Basi kaka yangu, tusimlete."

Msimamizi hakumfukuza, wala hakumwahidi kitu. Alisema ataona. Neno hilo linamkosesha Rubani usingizi kuliko ubavu wenyewe.

Upasuaji ni Jumanne ijayo. Saa sita mchana, lori la mizigo likiwa limechelewa, Mgeni anashuka kula, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza wanakaa benchi moja. Rubani anamuuliza kama amekunywa maji. Mgeni anatikisa kichwa, anajibu kwa majigambo: "Mkavu toka alfajiri, dada."

Rubani anamfungulia chupa yake ya maji na kumpa.

"Kunywa. Nikirudi, nataka tuwe wawili kwenye kreni hii. Mmoja juu, mmoja chini, tubadilishane katikati ya zamu, kila mtu anywe na akojoe kama binadamu. Nitamwambia msimamizi kabla sijalazwa. Wewe utakuwa upande wangu au wake?"

Mgeni anakunywa kwanza. Anakunywa mpaka nusu, anafuta mdomo.

"Akikataa je?"

"Mgongo watanitoboa nimelala," anasema Rubani, akiwa ameshasimama tena, redio mkononi. "Hili la zamu nitalipigania nikiwa macho."

Mgeni anaitazama ngazi, kisha anamtazama msimamizi anayekuja upande wao huku akiangalia saa. Anamalizia maji yaliyobaki.

"Haya, twende tukamwambie sasa hivi," anasema. "Kabla sijapanda."