Baiskeli Yenye Chapa ya Ngamia

Saa moja asubuhi, Mahat Jelle anafungua kibanda chake cha mabati karibu na soko la mifugo la Garissa, anatoa viti viwili vya plastiki, kisha anapanda juu ya kreti na kuishusha baiskeli moja kutoka kwenye ndoano. Za wateja ziko chini, zimelazwa ovyo, nyingine bado zimefungwa mitungi ya maji. Hii hulala juu, peke yake.

Ni baiskeli ya mashindano, ya zamani, nyembamba, imepakwa bluu. Mahali pamoja tu hapana rangi, kule chini zinakozungukia pedali. Hapo chuma kiko wazi, kimepakwa mafuta tu. Ukiinama utaona mistari miwili na duara dogo pembeni.

"Huo si mkwaruzo," anasema Mahat, huku akipapangusa kwa kitambaa. "Hiyo ni chapa. Hapa kwetu ngamia akiwa na chapa, ana mwenyewe."

Chapa hiyo ndiyo iliyofanya baiskeli ikae karibu mwaka mzima bila kuuzwa. Leo anakuja mwanamke kutoka kambi za Dadaab anayesema ni yao. Akiwa ni mwenyewe kweli, Mahat ataikabidhi. Asipokuwa yeye, mwaka ukitimia itakwenda kwa mnunuzi mmoja wa Nairobi, na Mahat atapata kompresa ya kupulizia rangi, kitu alichokitamani tangu aanze kazi hii.

"Nimeshalala nikaiota," anasema. "Hiyo kompresa, si baiskeli."

Mahat ana miaka hamsini na mitatu. Alijifunza kazi kwa fundi mmoja kutoka Mwingi, na mkono wake umezoea baiskeli nzito nyeusi, zile za kubebea maji na makaa. Siku nzuri hupata shilingi mia sita. Siku ya vumbi hupiga soga tu na jirani yake Ruweyda, anayeuza chai.

Fremu hii ilimfikia ndani ya mzigo wa vyuma vikuukuu. Ilikuwa mlango wa zizi la mbuzi huko Balambala, imefungwa waya na kupakwa rangi ya kijani ya mageti. Haikuwa na magurudumu wala kiti. Mahat aliinyanyua ili aitupe kando, mkono ukaruka juu.

"Ilikuwa nyepesi, nikadhani ni alumini. Nikaleta sumaku ya spika, ikanasa. Nikasema, hiki ni chuma, lakini ni chuma gani hiki hakina uzito?"

Akainunua kwa kilo, kama vyuma vingine, akaanza kuichunguza. Mabomba yalikuwa membamba mno. Kwenye maungio, chuma kilikuwa kimechongwa ncha ndefu kama majani, kazi ya mtu asiye na haraka. Hakuna alama ya kiwanda iliyobaki.

Kilichomsumbua ni kikombe cha chuma upande wa mnyororo, kile kinachoshika ekseli ya pedali. Katika baiskeli zote alizozijua, kikombe cha upande huo hufunguka kwa kuzungushwa kinyume na skrubu za kawaida. Mahat akazungusha hivyo. Kikagoma. Akamwagia dizeli, akaacha kinywe, akarudi. Kikagoma. Akaongeza bomba kwenye mkono wa spana, akaegemeza uzito wake wote.

"Kumbe kila siku nilikuwa nakaza," anasema, na kucheka kwa aibu kidogo. "Dizeli inalegeza, mimi nakaza. Tungeendelea hivyo mpaka leo."

Siku moja spana iliteleza, kwa hasira akaivuta upande mwingine. Kikombe kikalia, kikafuata, kama kifuniko cha chupa. Alipompigia simu mtu wa Nairobi anayekusanya baiskeli za zamani na kumweleza, yule mtu akamwambia apime kikombe na atume picha za maungio. Jibu likaja kwamba ile ni fremu ya Kiitaliano, ya miaka ya sabini, ya mbio, na kwamba vikombe vya Waitaliano hufunguka kama skrubu za kawaida. Naye anaitaka.

Mahat alichukua msasa, akaanza kuondoa kijani. Chini ya kijani kulikuwa na bluu. Alipogeuza fremu tumbo juu, chapa ikatokea.

"Niliacha msasa palepale," anasema. "Ningepitisha mara mbili tu, ingekuwa imekwisha. Hakuna mtu angejua."

"Mimi ningejua," anadakia Ruweyda kutoka kwenye jiko lake. "Ulikuja hapa uso kama umeona jini."

Kwa wafugaji wa huku, mnyama aliyepotea huitwa baadi. Anayempata humtunza na kumtangaza kisimani na sokoni, na mwaka ukipita bila mwenyewe kutokea, anakuwa wake. Anayedai huulizwa alama kabla ya kuonyeshwa. Mahat aliitangaza baiskeli kama baadi. Alikwenda hadi redio ya mjini, kwenye kipindi cha mifugo iliyopotea.

"Mtangazaji akaniuliza, 'Adeer, ami yangu, ni dume ama jike?' Nikamwambia, wewe andika tu. Ilikuja bila miguu, nitajuaje?"

Hakutaja rangi wala mahali palipo na chapa. Wadai wakaja. Mmoja alikuwa Abdikafi, kijana wa bodaboda, aliyeapa kuwa ni ya baba yake.

"Chapa iko wapi?" Mahat alimuuliza.

"Kwa kiti, adeer."

"Haikuja na kiti."

Ruweyda bado hajaisahau siku ile. "Nilimwambia, basi baba yako aliikalia chapa, akainuka akaenda nayo!" Abdikafi mpaka leo hunywa chai kwa kibanda kingine.

Huku nyuma Mahat aliendelea na kazi. Mabomba hayo hayavumilii moto mkali, kwa hiyo alikataa kuchomelea kitu chochote, hata watu waliposema baiskeli isiyo na karia ya mizigo ni ya nini. Magurudumu na usukani alivitafuta kwa mafundi wa Nairobi, kimoja kimoja, mizigo ikija kwa basi. Rangi alipaka kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, akifuata bluu aliyoikuta. Chapa aliizungushia utepe wa karatasi wenye gundi, isiguswe na rangi.

Kabla ya adhuhuri, yule mwanamke wa Dadaab, Muslimo Warsan, anashuka kwenye tuktuk. Ana miaka zaidi ya sabini, anatembelea fimbo. Alisikia tangazo kwa jirani, lakini kutoka kambini kunahitaji kibali, naye amekipata cha kuja kliniki. Ameanzia hapa.

"Nabad, walaal," anasalimia kwa Kisomali, amani, ndugu, na kukaa. Baiskeli imefunikwa kwa turubai.

"Nabad, eeddo," Mahat anajibu, akimwita shangazi. "Kunywa chai kwanza."

"Chai nitakunywa. Niulize."

Mahat anamuuliza rangi. "Bluu." Chapa je? Muslimo anainua fimbo, anachora mchangani mistari miwili na duara pembeni. "Iko tumboni, pale miguu inapozunguka. Ni ya ngamia wa baba mkwe wangu. Mume wangu Warsame aliichonga kwa msumari tulipovuka mpaka, kwa sababu watu walikuwa wengi na vitu vinapotea."

Warsame alishindana nayo mbio za Mogadishu ujanani. Walipofika Dadaab mwaka wa tisini na moja, alishuka kwenye lori kumpa mtoto maji. Lori likaondoka na baiskeli. Hadi alipofariki, hakuona dereva wa lori asimuulize.

"Miaka yote tulilala watatu," anasema Muslimo. "Mimi, yeye na baiskeli."

Mahat anavuta turubai. Muslimo anashika usukani, anapapasa bomba la juu, kisha anasaidiwa kuinama aone chapa. Anaigusa kwa kidole gumba.

"Chukua, eeddo," Mahat anasema. "Ni yako."

Muslimo anamtazama. "Baadi ukimtunza, maziwa ni yako. Hii umeikamua?"

"Vipi?"

"Umeipanda?"

Mahat anakiri kwamba hajaipanda hata mara moja. Haikuwa yake.

"Mwaka mzima umelisha ngamia, hujaonja kikombe!" Muslimo anagonga fimbo. "Sikiliza. Kuuza, hapana. Kwetu kambini ni mchanga mtupu, nitaipeleka wapi? Ni yetu, na itakaa kwako. Kamua kila asubuhi. Nikipata kibali tena nitakuja kuona kama imenona."

Kompresa imekwenda. Mahat anajua, na anasema atatafuta kwa njia nyingine. Amefikiria kufundisha vijana kupaka kwa brashi. Mnunuzi wa Nairobi amekwisha kupigiwa simu. Kilichobaki ni kumpeleka Muslimo kliniki kwa wakati.

Asubuhi inayofuata, mteja anafika na baiskeli yenye mnyororo uliokatika na kukuta kibanda kiko wazi, ndoano iko tupu.

"Fundi yuko wapi?"

Ruweyda anaelekeza kwa kijiko upande wa barabara ya lami iendayo Modika, ambako kitu cha bluu kinakwenda kikipungua.

"Kaa ungoje," anasema. "Amekwenda kukamua."