Korosho Alizozianika Karani Faraji

"Mjomba, mbona korosho zile hatuzichomi tukala?"

Mwanaidi alikuwa na miaka minane alipouliza hivyo, mwaka 2001, akinyoosha kidole kwenye mfuko mdogo wa kitambaa uliotundikwa juu ya kabati nyumbani. Mjomba wake Faraji aliutazama mfuko, akamtazama mtoto, kisha akamtuma chumvi dukani. Chumvi ilikuwepo tele jikoni.

Faraji alizaliwa Madimba, katika nyumba ya wakulima wa korosho na mihogo, na kabla hajajua kusoma alikuwa ameshajua kuanika. Korosho ikiokotwa hulazwa juani, hugeuzwa, huchambuliwa. Mawingu yakitanda, watu huacha hata chakula wakaziwahi. Mwandiko wake mzuri ndio uliompatia ukarani mjini Mtwara kwa Wakili Josephu, aliyesimamia kesi za makampuni: mikataba iliyovunjwa, mizigo iliyokataliwa, wabia waliogombana. Faraji aliyapenda majalada. Ndani yake kila ugomvi ulikuwa na namba na mahali pake.

Mwaka 1997 akaingia ofisini Mama Laurinda. Wazazi wake walivuka mto Ruvuma zamani kutoka Msumbiji, wakalima karibu na Kilambo; yeye akaanza na biashara ya samaki wakavu mpaka akafungua kampuni ya kununua korosho, yenye ghala moja na wanawake kumi na wanane wa kuchambua. Sasa kampuni moja ya Dar es Salaam iliyonunua mzigo wake ilikuwa imemshtaki, ikidai korosho zilikuwa mbovu tangu ghalani. Akishindwa, ghala linakwenda. Kinga yake ilikuwa moja tu. Siku ya kukabidhi mzigo, pande zote mbili zilichota korosho kidogo, zikazishona ndani ya mfuko, zikaugonga lakiri nyekundu, nta ya muhuri, na kutia sahihi. Mfuko huo ukifunguliwa mbele ya jaji, korosho zitapasuliwa na kila mtu atajionea.

Wakili akampa Faraji autunze. Mama Laurinda akacheka.

"Hapo sina wasiwasi. Nyie watu wa Madimba mkiiona korosho mnaibeba kama mtoto mchanga."

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata mvua zikanyesha mpaka paa la ofisi likavuja, na wakili yuko Lindi kwa shauri jingine. Faraji alipofungua kabati akapokewa na harufu ya uvundo. Akaupapasa mfuko: umelowa. Angefanyaje? Kuiacha korosho ioze huku anaitazama, mama yake angefufuka amcharaze. Akakata uzi kwa wembe, taratibu, asiivunje lakiri. Lakiri ikavunjika. Jua lilipotoka akazianika uani juu ya mkeka, siku mbili, akizigeuza kila saa. Tatu alizikuta zimeoza, akazitupa. Zilizobaki akazirudisha, akashona upya kwa uzi imara kuliko ule wa kwanza.

Wakili alirudi asubuhi ileile ya kesi, akachukua jalada na mfuko, akavitia kwenye mkoba bila kuvitazama. Faraji hakumficha lolote. Hakuona tu kama kuna la kusema. Nani hutangaza kwamba ameanika korosho?

Wakili wa upande wa pili ndiye aliyeuona ule uzi mpya. Faraji akaitwa, akaapishwa, akaeleza yote bila kuvutwa ulimi, hadi namna alivyozigeuza.

"Kwa hiyo," yule wakili aliuliza kwa upole, "mfuko uliowekwa uonyeshe kama zimo mbovu, wewe uliufungua ukazitoa mbovu?"

Watu wakacheka. Faraji alisema ndiyo. Ni hapo tu, neno likiwa limeshamtoka, ndipo alipoelewa. Akamtafuta Mama Laurinda kwa macho, akamwona ameinama anatazama viganja vyake.

Jaji akaukataa mfuko kama kielelezo. Wakili Josephu alihangaika na hoja nyingine zote, zikaanguka moja baada ya nyingine, na ghala likapigwa mnada. Nje ya mahakama Mama Laurinda akamkabidhi Faraji ule mfuko.

"Chukua, kaka. Umezitunza vizuri."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angetukana.

Mama Laurinda akarudi ng'ambo ya mto, kwa ndugu ambao hawakumjua. Faraji hakufukuzwa, lakini tangu siku ile hakushika tena kielelezo. Kikiletwa, alitoka nje. Jioni, wenzake wakienda kupunga upepo ufukweni Shangani, yeye alizunguka njia ya nyuma asilione ghala, ambalo sasa lilikuwa na jina jingine mlangoni. Mvua zilikuja na kupita, mfuko uko palepale juu ya kabati, na hakuuanika.

Mwaka 2009 Adelino, mpwa wa Mama Laurinda, alivuka mto pale Kilambo na habari kwamba shangazi yake amefariki. Faraji alimsindikiza mgeni, akarudi, akauteremsha mfuko na kuufungua. Ndani ulibaki unga na vijidudu. Mwanaidi, aliyekuwa kidato cha tatu, aliacha kalamu akamtazama, akamsikia akisema, kana kwamba ameulizwa asubuhi ileile:

"Hatukuzila kwa sababu zilikuwa nzima, Mwanaidi, na mimi ndiye niliyezitoa mbovu. Nilizihurumia korosho nikamsahau mwenye mali. Ningekula hata moja, ingekuwa nilizianika kwa ajili yangu."