Miaka Arobaini Niliyoitangaza Mbele ya Akida

Uvumilivu wangu ulikwisha pale mume wangu aliposema, mbele ya Wakristo wote wa Buigiri, kwamba amevuka miaka hamsini na mitano na kwamba katika miaka yote hiyo Mungu amemfundisha kunyamaza. Nilisimama, mtoto mgongoni, mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi wa tangu alfajiri, nikasema kwa sauti ya kuitia mbuzi:

"Ni arobaini. Nimeisoma mwenyewe kwenye kitabu cha ubatizo."

Aibu nimeziona nyingi (niliwahi kuanguka na mtungi mbele ya wakwe zangu wote), ila hii naiandika kwa sababu kila mtu hapa anaisimulia vibaya.

Ilianza na jambo dogo. Mimi nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la juu, na yule bibi wa Kizungu aliyetufundisha alikuwa na desturi ya kuiadhimisha siku yake ya kuzaliwa, kwa sala na mkate wa sukari, akituambia amejifunza nini tangu mwaka uliopita, nami nililipenda sana jambo lile. Kwetu Ugogo mtu hana siku ya kuzaliwa, ana wenzake wa jando, walioingia pamoja na kutoka pamoja, na ukitaka kujua umri wa mmoja unawatazama wote. Basi siku moja nafagia chumba cha vitabu cha kanisa, nikafungua kitabu cha ubatizo, nikalitafuta jina la mume wangu, mwalimu Yonathani, nikapiga hesabu, nikaona mwezi ule anatimiza arobaini. Nikaamua tutafanya shukrani. Yeye akasita. Akaniuliza kama hatuwezi kumshukuru Mungu bila kutaja miaka, nikamjibu kwamba miaka ndiyo sikukuu yenyewe, akatabasamu kidogo, akanyamaza. (Kunyamaza huko ndiko kunakonichoma mpaka leo.)

Siku ikafika, nikapika ugali, mlenda na kuku wawili, togwa vibuyu vitatu, na Wakristo wa Buigiri wakaja, pamoja na wenzake saba wa jando na wake zao. Yonathani alianza vizuri. Alisema alipokuwa kijana alidhani imani ni kutoogopa, na sasa, akiwa amefika katikati ya maisha, anaona kwamba watu wote wenye imani anaowajua wanaogopa, ila wanaamka na kwenda shambani hivyo hivyo. Nilijivuna. Nilitazama huku na huku nione nani ananitazama.

Ndipo akaingia akida, mtu wa serikali ya Wajerumani huku kwetu. Hakualikwa. Kanzu nyeupe, askari wawili nyuma yake, akaomba kigoda, nikampa, akaomba togwa, nikampa. Na mume wangu akabadilika papo hapo. Akaanza kusema "sisi wazee", mgongo ukapinda, sauti ikatetemeka, mara akataja hamsini na mitano, na wenzake wakakohoa wote kwa pamoja. Jirani yangu Mama Ndahani akaniinamia: "Kumbe dada uliolewa na babu yako." Wanawake wakacheka. Mimi nilidhani mume wangu ananifanyia mzaha mbele ya watu, mimi niliyeamka kabla ya jogoo kwa ajili ya arobaini yake. Ndipo nikasimama na mwiko wangu.

Hakuna aliyecheka tena. Akida alikunywa togwa mpaka mwisho, akafuta masharubu.

"Mama mwalimu, wewe umesoma?"

"Nimesoma, bwana akida." (Kwa majivuno, Mungu anisamehe.)

"Na mumeo aliingia jando na akina nani?"

Hapo ndipo nilipomtazama Yonathani usoni, nikaona kwamba haukuwa mzaha. Wala hakukuwa na haja ya jibu langu, maana wanaume wa jando moja hukaa pamoja kwenye karamu, na wale saba walikuwa wamejipanga kwenye gogo moja kama kuku juu ya kichanja. Akida aliwahesabu kwa kidole, polepole, na kila kidole kilipomfikia mmoja, mke wake aliinamisha kichwa.

Jambo lenyewe nilielezwa baadaye na mama mkwe wangu, kwa maneno machache. Majina ya wanaume wa kwenda kupasua mawe ya reli yalipotakiwa, jumbe wa zamani, mkuu wa kijiji, aliliandikisha bomani jando lote lile kuwa wazee waliopita hamsini, na wazee hawachukuliwi. Wanaume wakaapishana wasiwaambie wake zao kwa kuwa, eti, wanawake wana midomo. Mimi ningeambiwa, ningepika ugali wa hamsini na mitano na kumchongea mume wangu mkongojo.

Walifungwa kamba jioni ile ile, wote wanane, na akida akasema kuidanganya serikali ni viboko hamsa ishirini kwanza, reli baadaye. Mama mkwe aliepua chungu motoni, akamwaga maji juu ya kuni.

Nilikwenda Dodoma kwa miguu, mtoto mgongoni. Njia nzima nilijaribu kusali na sala haikutoka, kilichotoka ni kuhesabu, moja mpaka ishirini na tano, kisha naanza tena. Bomani niliketi na watu wengine nje ukutani tukingoja shauri, na kutoka ndani tulisikia kiboko, na mtu akikihesabu kwa sauti. Sikujua ni mgongo wa nani. Kila nilipotaka kwenda kusema kwamba nilidanganya, nilikumbuka amri ya kutoshuhudia uongo, kisha nikakumbuka kwamba ni ukweli wangu uliowafikisha mle.

Siku ya tatu Yonathani alitoka. Padre wa misheni yetu aliandika barua kwamba yeye ni mwalimu wa kanisa, na walimu wa kanisa hawachukuliwi reli. Kumbe hakuwa na haja na uongo ule hata siku moja. Aliubeba kwa ajili ya wale saba.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ungeogopa, mama Eliya."

"Na sasa siogopi?"

Alimchukua mtoto mgongoni mwangu, akamweka begani.

Watano wamekwisha kurudi. Wawili bado wako relini, na wake zao wakinikuta kisimani hunipisha kama mtu anavyompisha nyoka. Sitataja tena umri wa kiumbe yeyote, hata wa ndama. Na wanaosema kwamba nilimtoa mume wangu nikawasahau wenzake, haya ndiyo niliyoyaandika siku ile ile Yonathani alipotoka, nikampa karani (akaniuliza nani kaniandikia, nikamwonyesha mkono):

*Kwa Bwana Mkubwa wa Boma la Dodoma.*

*Mimi Debora, mke wa mwalimu Yonathani wa Buigiri, naleta mashtaka. Namshtaki akida kwa kuwafunga wanaume saba waliokuja kula kwangu, kwa neno la mwanamke aliyekasirika. Kitabu nilichokisoma kiliandikwa na padre aliyemtazama mume wangu meno na nywele, akakisia; mwulizeni. Sikusema uongo, lakini nilisema nisilolijua. Na wale saba hawamo kabisa katika kitabu hicho, maana hawajabatizwa. Miaka yao haijui padre, wala akida, wala mimi.*

*Namshtaki mume wangu kwa kunificha. Ninajishtaki mwenyewe kwa majivuno. Kama kosa hili lina viboko, ni vyangu, wasichapwe wao. Niko hapa nje ukutani. Mtoto nimempa baba yake arudi naye nyumbani. Bado ananyonya, kwa hiyo naomba nijibiwe leo.*