Somo la Seli Nililolipotosha

Yapo makosa ambayo mtu hayafanyi kwa ujinga. Langu nililifanya kwa sababu nilikuwa nimesoma.

Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa jirani yetu katika mtaa wa Katuba, mjini Lubumbashi, kusini mwa Kongo. Alizaliwa mjini humohumo, lakini wazazi wake waliletwa na kazi ya reli kutoka jimbo la Kasai. Katika mwaka wangu wa mwisho wa sekondari alitueleza jambo alilolisoma katika jarida moja la Kifaransa: kwamba protini iliyoharibika, iliyokunjwa vibaya, ndani ya seli hubandikwa protini nyingine ndogo, moja juu ya nyingine, kisha huingizwa katika kitu mfano wa pipa na kukatwakatwa.

Miezi michache baadaye mji ulichafuka. Wanasiasa walisema watu wa Kasai warudi kwao, na vijana wa mtaa wetu wakakutana kiwanjani kuamua nyumba zipi zitiwe msalaba wa chaki ili wenyewe wafukuzwe.

"Muntu ya mabuku, sema basi," mmoja alinichokoza kwa kupenda kwangu vitabu. "Ao Kifaransa yako imekauka?"

Wakacheka. Nami, kwa tamaa ya kusikilizwa, nikawaambia kwamba hata seli hukitia alama kisichotakiwa na kukiondoa, na mwili ukapona. Walinipigia makofi.

Asubuhi msalaba ulikuwa mlangoni mwa mwalimu. Maneno yangu ya kiwanjani yalikuwa yamemfikia. Aliniita uani, akiwa na kitambaa kibichi mkononi.

"Mutoto yangu, ni mimi nilikufundisha vile?"

Alinisogelea, akaendelea:

"Seli haiulize protini ilitoka wapi. Inaangalia kama imekunjwa mubaya. Mimi, uliniona nimekunjwa mubaya wapi?" Akanipa kile kitambaa. "Nikipanguza mimi, batarudia kuandika. Weye ukipanguza, batakusikia."

Alisema kweli, wangenisikia. Nilikipokea, nikasema naenda kukiongezea maji. Nilikwenda nyumbani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani nacho kikinilowesha magoti, hadi niliposikia mabati ya nyumba yake yakibanduliwa.

Majuma mawili baadaye nilimfuata stesheni, ambako familia nyingi zilizofukuzwa zililala chini zikingoja treni ya Kasai. Mkewe alikuwa akipuliza makaa kwenye jiko la mbabula. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba radhi. Mwalimu aliniona kabla sijamfikia, akageuza uso taratibu, kama mtu anayemsitiri mwenzake aliyevuliwa nguo mbele za watu. Nikarudi Katuba bila kuyasema.