Kifuniko Chekundu

Pale zahanati shangazi yangu anaitwa Mbu, na mwenyewe huitika. Amewatoa watu damu kwa miaka kumi na tisa. "Tofauti yangu na mbu wa kitandani," huwaambia wagonjwa, "mimi sikuachii mwasho." Ana mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi, na koti lake jeupe lilikuwa limekosa kifungo cha pili toka juu tangu siku nilipoajiriwa kumsaidia. Lipo jambo moja alilojisifia mpaka masikio yakatuchoka: hajawahi kukosea chupa.

Si sifa ndogo. Chupa za damu zina vifuniko vya rangi, na kila rangi ina maana yake. Yenye kifuniko cha zambarau ina dawa inayozuia damu isigande. Nyekundu haina dawa hiyo.

Mwaka ule daktari wetu alianza utafiti. Alikusanya watu arobaini wenye kazi za kukaa, akawataka watembee kila siku kwa miezi sita, na wavutaji waache sigara. Hayo huweza kupandisha kolesteroli nzuri, hilo alilijua. Alichotaka kukijua ni kama vimeng'enya vinavyolinda mishipa navyo vitazidisha kazi.

Alipowaeleza hayo, washiriki walimkodolea macho tu, ikabidi shangazi aingilie kati.

"Mafuta yakikaa sana jikoni si yanachacha? Basi hata ya kwenye damu huchacha, yakaharibu mishipa. Kolesteroli nzuri ni gari lililobeba walinzi wa kuzuia hilo. Sasa daktari anauliza, magari yakiongezeka, na walinzi wataongezeka, au magari yatapita matupu?"

Aliyecheka kwa sauti alikuwa Fundi, mshonaji wa nguo wa mtaa wa pili. Lakini kicheko chake kilikuwa cha juu juu. Baba yake alianguka kwa moyo akiwa kwenye cherehani ileile anayoitumia yeye, akiwa na miaka hamsini na miwili. Mwaka ule Fundi naye alitimiza hamsini na miwili, na alikuwa akivuta pakiti nzima kwa siku.

"Dada, mimi sitembei kwa ajili ya daktari," alimwambia shangazi. "Namkimbia marehemu baba."

Na kweli alitembea. Mkewe alimfuata nyuma na mwavuli, akimkemea kila alipotaka kukaa kwenye ukuta wa mtu. Sigara aliacha siku ya kwanza, akawa anatafuna vijiti vya meno mpaka mkewe akaanza kuvificha. Siku ya kipimo cha mwisho aliingia na futi ya kushonea shingoni, akajipima kiuno mbele ya foleni nzima.

"Suruali hii nimeipunguza mara nne! Nikiipunguza mara ya tano, mifuko ya nyuma itakutana isalimiane!"

Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akamtoa damu huku akicheka. Nami niliizungusha ile chupa kwenye mashine huku nikicheka, nikamimina maji yake ya njano kwenye kichupa chenye namba, yakaenda kupimwa.

Majibu yaliporudi hatukuwa na kicheko. Kolesteroli nzuri ya Fundi ilikuwa imepanda. Vimeng'enya vilikuwa karibu na sifuri, chini kuliko hata siku ya kwanza. Daktari alimwambia wazi kwamba haelewi. Fundi alisikiliza, akakunja karatasi, akaenda zake bila kuaga mtu.

Siku ya tatu mkewe alikuja akasimama mlangoni. "Ameketi tu. Anasema damu ya baba haikimbiwi. Jana amenunua pakiti."

Shangazi alikwenda kwenye jokofu tunapohifadhi mabaki ya damu kwa wiki moja, akapekua, akatoa chupa ya Fundi. Kifuniko kilikuwa cha zambarau.

Kipimo kile kilitaka kifuniko chekundu. Dawa ya kuzuia kuganda hukamata kalsiamu ya kwenye damu, na vimeng'enya hivyo bila kalsiamu havifanyi kazi. Walinzi wa Fundi walikuwepo. Sisi ndio tuliowafunga mikono.

"Shangazi," nikamnong'oneza, "tuseme mashine ilikuwa mbovu. Tumpime upya, basi."

Alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. "Mashine haina mdomo wa kujitetea. Kosa ni langu. Na wewe uliyemimina bila kuangalia, funga mdomo ubebe sindano."

Alianza kwa daktari. Sijui walisemezana nini, ila alitoka macho mekundu na kichwa juu. Kisha tukaenda kwa Fundi. Tulimkuta kwenye cherehani, sigara mdomoni, kiberiti mkononi, pakiti mezani ikiwa imepungua mbili.

"Fundi, nilikukosea chupa," shangazi akasema, hata kabla ya salamu. "Miaka kumi na tisa najisifu, na nimekukosea wewe. Majibu yale si yako. Siahidi majibu mazuri. Nakuomba damu nyingine."

Fundi aliweka kiberiti mezani. Nilidhani atatufukuza, na angefanya haki. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Kumbe mbu ndiye aliyewaua walinzi wangu!" Akaitoa ile sigara mdomoni, akakunja mkono wa shati. "Nioneshe kifuniko kwanza."

"Hiki hapa."

"Rangi gani?"

"Nyekundu, baba."

"Mke wangu, njoo na wewe uone!"

Majibu mapya yaliporudi, vimeng'enya vilikuwa vimepanda. Si sana, na daktari alituonya tusipige vigelegele, maana kwa wengine kolesteroli nzuri ilipanda na walinzi wakabaki palepale. Fundi hakuyasikia hayo. Alikwisha kutoka nje, anatembea.

Wiki iliyofuata alikuja na sindano yake mwenyewe. Alimketisha shangazi kwenye kiti cha wagonjwa, akamshonea pale kwenye koti palipokosa kifungo, kifungo kikubwa chekundu. Mkuu wa zahanati alisema sare yetu haina vifungo vyekundu.

"Yangu inacho," shangazi akasema, akamwita mgonjwa anayefuata.