Bastola ya Nasimiyu na Jembe Alilonichagulia Wafula

Siku ile dukani tulikuwa wanne, na nitawataja wote ili asisahaulike mtu. Nilikuwapo mimi, Nanjala binti Makokha. Alikuwapo kaka yangu Wafula, tumbo moja, aliyetutangulia Amerika na kufanywa mzee wa kanisa kule Takoma Park. Alikuwapo binti yangu Nasimiyu, mjane wa Barasa, ambaye nilikuwa nakaa kwake Riverdale Park. Na alikuwapo Maman Furaha wa Uvira, jirani wa mlango wa pili, ambaye si ndugu wa damu lakini amekula kwetu mara nyingi kuliko ndugu. Wa tano alikuwa mwenye duka, mzee wa Kiamerika mwenye ndevu nyeupe, jina lake limeshonwa kifuani pa shati: Earl. Kitabu kinanishinda, lakini jina la mtu nalisoma.

Hiyo ilikuwa miaka ile ambayo simu zilikuwa bado za kukunja. Duka lenyewe lilikuwa upande wa Temple Hills, na lilikuwa duka la bunduki. Msinishangae, nitawaeleza. Mlango ulipofunguliwa ilitupokea harufu ya mafuta mazito juu ya chuma kipya, nami nikasimama palepale kwenye mkeka wa kufutia miguu. Maman Furaha akanishika kiwiko akidhani naogopa. Sikuwa naogopa. Harufu ile ilikuwa imenichukua na kuniweka katika duka la Bwana Nathu, Kitale, nikiwa na miaka tisa.

Majembe mapya yalikuwa yanakuja yamepakwa mafuta yasishike kutu. Ukiligusa moja, vidole vinabaki vyeusi na unavinusa mpaka jioni. Tulikwenda pale watu wanne vilevile: baba, shangazi Nekoye, Wafula mwenye miaka kumi na minne, na mimi ambaye jembe lilikuwa langu. Kwetu mtoto akipata jembe lake mwenyewe ni jambo kubwa. Nilikuwa nimeoga mara mbili asubuhi ile.

Mimi nilikuwa nimeliona la kwangu tangu mlangoni. Lilikuwa jembe dogo, mpini mwembamba wenye rangi ya asali, limening'inia karibu na taa za chemli. Bwana Nathu akainama juu ya meza yake, akaniangalia usoni na kuuliza, kwa Kiswahili chake cha dukani, mtoto anataka lipi. Nikaangalia vidole vya miguu yangu. Mtoto aliyelelewa vizuri hajibu wakubwa wakiwapo, na kusema kweli nilidhani anamwuliza shangazi. Shangazi akajibu kwamba mtoto atakua, tupewe la kudumu. Wafula akaingia nyuma kule, akatoka amebeba jembe zito kuliko yote, akalipiga chini mara moja na kusema hili ndilo jembe. Baba akalipenda. Nililima nalo miaka minne. Lilikuwa linanivuta mbele kila nikilishusha, na alama liliyoniachia kwenye ugoko wa mguu wa kushoto ipo mpaka leo. Miaka yote hiyo niliamini Wafula alifanya makusudi ili nichoke, maana alikuwa akinipita kwa vitu viwili kila siku, nguvu na maneno.

Basi turudi kwa Earl.

Nasimiyu alikuwa anatunza wazee katika nyumba moja ya kulelea, na muuguzi wa zamu yake aliitwa Miss Lorraine. Huyo mama alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na Jumamosi moja akamchukua Nasimiyu akaone. Mtoto wangu alirudi saa nane mchana, akavua viatu, akalala kwenye kochi mpaka magharibi. Tangu tumzike Barasa, miaka miwili, sikuwa nimemwona akilala hivyo. Alipoamka aliniambia, "Mama, nikiangalia ile nukta nyeusi kwenye karatasi, kichwani hamna kitu kingine. Hata simu haiwezi kulia humo."

Akawa anakwenda kila Jumamosi, akitumia bastola ya Miss Lorraine ambayo mpini wake ulikuwa mnene kwa mkono wake. Ndipo akasema anataka ya kwake, ile ndogo ya kujifunzia. Alinieleza kwa subira. Risasi yake ni nyembamba kama kipande cha penseli, na bastola huigonga ukingoni pa kitako chake badala ya katikati, na haipigi teke mkononi, kwa hiyo mwanafunzi hazoei kufumba macho kabla ya mlio. Mimi sikupenda. Nilimwuliza italala wapi. Akanionyesha sanduku la chuma lenye kufuli ambalo alikuwa ameshalifunga kwa skrubu kabatini kabla hajaniambia chochote. Nikaona huyu amekusudia. Katika maisha yake yote Nasimiyu alikuwa hajaniomba kitu cha peke yake. Alikuwa akiomba vya watoto, vya Barasa, vya kanisa.

Kosa letu lilianzia hapo, na lilikuwa kosa la watu wa kwetu. Sisi hatumwachi mtu aende kununua kitu kikubwa peke yake. Gari la Nasimiyu tulikwenda kulitazama watu saba. Kwa hiyo Wafula akapigiwa simu, akavaa koti lake la kanisani, na Maman Furaha akaja kwa sababu alikuwa na nafasi. Tukaingia kwa Earl kama tunaopeleka posa, mzee wetu mbele, mwenye haja nyuma.

Wafula akasalimia, akaulizia afya ya mwenye duka na ya familia yake, kisha akasema tumekuja kutafuta bastola. Earl akaweka mbili juu ya kitambaa cha kijani. Moja ilikuwa na kigurudumu cha kutia risasi, ya pili ilikuwa na magazini ya kuchomeka kwenye mpini. Alizifungua zote mbili, akatuonyesha kwamba ni tupu. Wafula akaichukua ya kigurudumu, akanipa mimi, mimi nikampa Maman Furaha, ikawa inazunguka kama mtoto mchanga aliyetoka hospitali. Maman Furaha akaipima kiganjani. "Mama Nasimiyu, hii si bunduki. Hii ni brike ya kuwashia sigara," akasema, nasi tukacheka. Ilipomfikia Nasimiyu, hata vidole havijakaa sawa, mjomba wake alikuwa ameshanyoosha tena mkono aichukue. Akairudisha mezani na kuuliza kama hakuna kubwa. Alisema mtoto ataizoea.

Niliposikia hivyo ugoko wangu uliniuma, nawaambia kweli.

Earl hakuwa anacheka. Alimwangalia Nasimiyu akamwuliza yeye anaipenda ipi. Nasimiyu akaangalia viatu vyake. Wafula akajibu kwa niaba yake. Earl akauliza, taratibu, bastola ni ya nani. Wafula akasema ni yetu, kama ambavyo angesema nyumba ni yetu na mtoto ni wetu, na huku akatoa bahasha kwenye koti, kwa kuwa alikuwa amekusudia iwe zawadi yake.

Yule mzee akazifunga bastola zake moja moja akazirudisha chini ya kioo. Alisema, na Nasimiyu akanitafsiria kwa sauti ndogo, kwamba leo hawezi kutuuzia. Sheria inamkataza kumwuzia mtu anayenunua kwa jina lake huku mwenyewe hasa ni mwingine, na yeye hapa anaona mmoja anachagua, mmoja analipa, na anayetaka kuandikwa kwenye fomu hajafungua mdomo. Hakutukana. Alisema mama huyu akija mwenyewe, akasema mwenyewe, atamhudumia vizuri.

Garini Wafula alinung'unika mpaka tukaipita barabara kubwa. Yeye, mzee wa kanisa, anaonekana mhalifu. Akasema habari hiyo imekwisha, isitajwe tena. Nasimiyu aliyekuwa anaendesha akajibu, "Sawa, Mjomba."

Hiyo sawa niliijua. Ilikuwa yangu kabla ya kuwa yake. Jumamosi iliyofuata hakwenda klabuni, na ya pili yake hakwenda. Miss Lorraine alipiga simu, akaambiwa kuna kazi nyingi. Nikamwona amerudi kukaa kitandani macho wazi, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengojea basi.

Nikamwita Wafula aje kunywa chai. Sikujua nianze vipi na mtu aliyenizidi miaka mitano, kwa hiyo nilipandisha gauni kidogo nikamwonyesha ugoko.

"Unakumbuka hii imetoka wapi?" nikamwuliza.

"Si jembe lile la Nathu?"

"Ndilo. Kaka, ulinichagulia lile ili nipate taabu?"

Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Dada, lile jembe nililitaka mimi. Nilikuwa naliangalia tangu miaka miwili kabla yake. Mimi nilikuwa nalima na kile kipande alichokiacha babu, unakikumbuka. Nilipoambiwa tunakununulia wewe, nikaona angalau liingie nyumbani."

Zaidi ya miaka hamsini nilikuwa nimembebea kaka yangu kinyongo kwa ajili ya kitu alichojinyima. Nilitaka kucheka na sikuweza. Nikamwongezea chai.

Tulipotulia nilimwambia, "Lakini lilikuwa zito, Wafula."

"Naona sasa," akasema.

Jumamosi ya wiki ile ile alikuja na gari lake. Hakuvaa koti. Alimwambia Nasimiyu aingie nyuma, yeye na mimi tutakaa mbele, na tukifika kwa Earl sisi wawili hatushuki. Nasimiyu akatuangalia mmoja mmoja. Njia nzima, kila taa nyekundu, nilimsikia akivuta pumzi.

Wafula aliegesha mbele ya kioo cha duka. Tukamwona Nasimiyu akiingia, mkoba ameubana kwapani kama anayekwenda kufanya mtihani. Earl akaweka ile ya kigurudumu mezani. Nasimiyu akaishika, akanyoosha mkono kuelekea ukutani, akairudisha. Kisha akafanya jambo ambalo mimi mama yake sikuwahi kumwona akimfanyia mtu mzima yeyote: akatikisa kichwa. Earl akaleta nyingine, kubwa zaidi. Wafula pembeni yangu akajisogeza mbele kidogo kwenye kiti, halafu akarudi nyuma mwenyewe. Nasimiyu akaipima, akatikisa kichwa tena. Mdomo wake ulikuwa unatembea. Alikuwa anaeleza, anaonyesha kiganja chake, anaonyesha mahali kidole kinapofika na mahali kisipofika. Yule mzee alikuwa anaitikia kama mwanafunzi.

"Amekataa ya tatu," Wafula akanong'ona, kana kwamba wangetusikia.

Ya nne ilikuwa ya magazini, nyembamba, hata haikung'aa. Aliishika, akafumba macho, akaiinua, akafumbua. Akabaki hivyo. Hakutikisa kitu. Aliijaza fomu yake mwenyewe, akaambiwa angoje siku saba, akazingoja.

Nilipokuwa mtoto nilidhani kunyamaza kwangu mbele ya Bwana Nathu kulikuwa ni heshima, na baadaye, nilipokuwa mkubwa mwenye kinyongo, nikadhani walininyang'anya neno langu. Nikiwa ndani ya lile gari, nikitazama kioo, ndipo nilielewa kwamba hakuna aliyenyang'anya. Nathu aliuliza, na wote walionipenda wakakimbilia kujibu kwa sababu walikuwa na hamu. Ilikuwa inatakiwa mmoja tu anipige bega aniambie, ni wewe unayeulizwa. Na mimi pia, nilipokuwa mama, sikumpiga bega mtoto wangu mpaka alipokuwa mjane.

Hivi ndivyo ninavyokumbuka. Maman Furaha anasema bastola ya kwanza haikuwa na kigurudumu, na kwamba yeye ndiye aliyeshauri tusishuke garini, ingawa mimi sikumwona garini siku hiyo ya pili. Wafula hayupo tena wa kumwuliza. Kama yuko mwingine anayejua vizuri, aje anirekebishe. Chai ipo.